Tarikhi ya Samli na Viini Vinne

Sogeeni karibu. Mwenye kigoda akikalie, mwenye mkeka autandike, na mwenye simu aizime, maana jambo ninalotaka kulinena halipendi kukatizwa na milio. Habari za falme zilizoanguka na majeshi yaliyovuka mito mmekwisha kuzisikia. Hizo tuwaachie wenye kuzijua. Mimi nanena habari za Zipora binti Masele, mjane wa Boaz, Mshika Bisibisi, Sauti ya Kwanza katika kwaya ya kigango, mwanamke aliyeifungua kompyuta iliyozeeka, akautoa moyo wake, akautia mwingine, kisha akasimama nayo uwanjani mbele ya Mhunze yote. Au tuseme mbele ya wale wa Mhunze waliotoka misa ya pili na hawakuwa na haraka ya kwenda makwao.

Ewe kumbukumbu, usinitupe. Ewe umeme, usikatike kabla sijafika mwisho.

Nitaje kwanza nasaba, kwani vita visivyo na nasaba ni ugomvi tu. Miaka mingi iliyopita ofisi moja ya mgodini huko Geita ilinadi vitu vyake vilivyochoka, na katika mnada huo walikuwapo ndugu wawili wa Mhunze, Boaz na mdogo wake Athanas. Kila mmoja alinyanyua kompyuta moja ya mezani, nzito, yenye rangi ya majivu, na kompyuta hizo zilikuwa pacha wa kiwanda kimoja, zisizotofautishwa hata na aliyezitengeneza. Zikasafiri hadi nyumbani juu ya lori la pumba, zimefungwa kwa kamba ya katani. Boaz akaiweka yake sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na Athanas akaiweka yake sebuleni kwake, ng'ambo ya barabara. Barabara hiyo ndiyo mpaka wa falme mbili ninazozisimulia, na hupita mbuzi wengi kuliko magari.

Boaz alipokuwa hai alirekodi kila wimbo wa kwaya ya kigango kwa mkono wake. Alipofariki, nyimbo zikabaki ndani ya mashine, na mashine ikabaki kwa Zipora. Wanawe walikwisha kuondoka: Lusia ameolewa mjini Isaka na dereva wa lori, na Fredy yuko Geita kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, anachimba. Nyumba ya vyumba vinne ikawa na mtu mmoja.

Katika kabati la nyumba hiyo kulikuwa na jeshi zima la sahani za maua, zawadi ya harusi, jeshi ambalo kila jioni lilipeleka vitani askari mmoja tu. Zipora alikula, akaosha sahani moja, akairudisha kwenye safu. Simu ya Fredy ikiita, aliipokea kabla mlio haujakamilika, na wakati mwingine alikuwa ameishika mkononi tangu alasiri. Hakuna aliyeyajua hayo, kwa sababu hakuna aliyekuwapo kuyaona.

Lakini Jumapili! Jumapili alasiri kwaya yote ilihamia kwake. Walikuja kujisikiliza wenyewe, kubishana nani alipotea kwenye kiitikio, kuingiza nyimbo kwenye simu zao, na kunywa chai. Jumapili moja ya Zipora ilikuwa na kelele za kumtosha wiki nzima, naye alizigawa kwa uangalifu, Jumatatu kidogo, Jumanne kidogo, hadi Ijumaa ambapo zilikuwa zimekwisha.

Tatizo lilikuwa mashine. Ukiiwasha, ungeweza kwenda bombani, ukapanga foleni, ukasengenya, ukajaza ndoo, ukarudi, nayo bado inafikiri kama ikukaribishe au la. Wanakwaya walivumilia kama Wakristo, kisha wakanung'unika kama Wakristo.

Ndipo Athanas alipoinuka kikaoni. Athanas, Baba Loveness, Mwenye Marumaru, broka wa dhahabu ambaye mawe ya Geita yalimfungulia mlango, mwanaume wa sauti nene na mashati yaliyonyoshwa. Alitia mkono mmoja kifuani akanena:

"Ndugu zangu wanakwaya, mimi ni mtu wa maduara. Duara likikauka hatukai mdomoni pake tukilia. Tunakunja kamba, tunaingia duara lingine. Kompyuta ya marehemu kaka yangu imekauka. Tunaiheshimu, tunaiombea. Lakini yangu nitaitia prosesa mpya, itatema kazi kama karasha la kusagia mawe lililofungwa jana. Na kwangu kuna marumaru, kuna makochi, kuna feni ya darini. Nyimbo zihamie kule, na Jumapili zetu ziwe kule."

Sauti ya besi ikaitikia, "Kweli kabisa." Huyo alikuwa Sostenes, mpenda makochi.

Zipora hakusikia prosesa wala marumaru. Alisikia maneno mawili tu ya mwisho kabisa, na yakamshuka kooni kama mwiba wa sato. Hata hivyo alisimama, akafunga kanga yake upya, akajibu kwa utaratibu:

"Shemeji, nimekusikia. Umesifu makochi, nami nakubali ni mazuri, ila sijayasikia yakiimba. Kompyuta yako na yangu zilinunuliwa siku moja, mnada mmoja, zikapanda lori moja. Kama yako inaweza kupewa moyo mpya, yangu imekatazwa na nani? Nami nitaitia prosesa. Tuzishindanishe mchana kweupe, pale kwangu, kila mwenye jicho aone. Yangu ikishindwa, nyimbo nitazibeba mimi mwenyewe hadi kwako, na chai nitakuja kuinywa kwako."

"Na sukari uje nayo," akasema Athanas, maana shemeji ni mtani, na utani haungojei amani.

Wote wakamgeukia Dorah, mwenyekiti wa kwaya, muuza nyanya, mwanamke ambaye mizani yake sokoni haijawahi kutiliwa shaka, wala maamuzi yake hayajawahi kukatiwa rufaa, kwa kuwa hakuna aliyejaribu. Dorah akatoa sheria.

"Simu kupima muda sitaki. Kila simu humu ndani ina upande wake. Ya Sostenes inachajiwa kwa Athanas, tunajua. Nitapiga kofi, mashine zianze pamoja, tuangalie kwa macho. Macho yakikubaliana, tumemaliza. Yasipokubaliana, tutafanya kama babu zetu wa vile vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, walipocheza uwanja mmoja. Hapakuwa na saa, hapakuwa na jaji. Watazamaji walikwenda kwa aliyewavuta, na mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda."

Kisha akaongeza, kwa kuwa ukoo wake ulikuwa wa Wagalu na alijua mambo yao:

"Ila zile dawa za kuvuta watu walizokuwa wanafukia uwanjani, hapana. Sisi tuna ubatizo."

Kwaya yote ikacheka. Zipora naye akacheka, asijue kwamba ameanza kutembea kuelekea kwenye kesi hiyo hiyo.

Akasafiri hadi Shinyanga mjini, kwenye duka la Jashvant, ghala la silaha la ukanda wote ule, lenye nyaya zinazoning'inia tangu dari hadi shingo ya mteja. Jashvant aliupokea ujumbe wake kwa utulivu wa mtu aliyewahi kuona kompyuta ikiletwa imejaa mchwa.

"Shikamoo mama. Karibu. Hiyo mashine yako ya zamani haiwezi kubeba prosesa za leo. Inakubali za rika lake tu. Ninazo aina mbili, zote zimetumika, zote nzima. Hii ina viini viwili, lakini viini vyake vina mbio. Hii nyingine ina viini vinne, ila kila kimoja kinakwenda taratibu."

"Ipi yenye nguvu?"

"Inategemea kazi, mama. Kuwasha na kufungua vitu, ya viwili itakutangulia. Ukiipa mzigo mzito, kama kuchanganya sauti nyingi kwa pamoja, ya vinne itaugawana."

Zipora aliwaza shamba la kaka yake, udongo mweusi wa mbuga unaonasa jembe la plau kama unalidai. Aliwaona ng'ombe wawili vijana, wenye madaha, wanaotoka mbio na kusimama katikati ya mtaro. Akaona jozi mbili za maksai wazee wanaokwenda polepole wakiwaza mambo yao, lakini hawasimami mpaka jioni.

"Nipe vinne," akasema. Kisha, kwa kuwa vita ni vita, akauliza: "Shemeji yangu alipita hapa?"

"Alipita juzi. Alichukua viwili. Alisema anataka mbio." Hivyo ndivyo Jashvant alivyoziuzia silaha pande zote mbili, kama wauza silaha wote tangu dunia iumbwe, na kila upande akautakia heri. Alipomfungia Zipora prosesa katika sponji, akaweka na kifuko kidogo cha pesti ya kijivu. "Hii usiisahau, mama. Unapaka kati ya prosesa na chuma cha feni, joto lipite. Viini vinne vina joto sana. Bila hii itajizima yenyewe."

Basi la kurudi lilijaa, na Zipora akapewa kiti cha mbele, karibu na injini, miguu yake juu ya lile bati linalochoma. Prosesa aliipakata mapajani kama mtoto mchanga. Mkoba wenye pesti aliuweka chini, juu ya bati. Enyi wasikilizaji, mashujaa wangapi wameangushwa na kisigino, na huyu ilibaki kidogo aangushwe na mkoba.

Jumamosi asubuhi akajifunga kitenge kiunoni, akatwaa bisibisi ya marehemu, akailaza mashine kwa ubavu juu ya meza, akaifungua. Vumbi la miaka lilitoka, na ndani yake mende aliyekufa zamani, mfungwa wa mwisho wa utawala uliopita. Boaz alimfundisha mambo haya walipokuwa wachanga katika ndoa, yeye akishika tochi, Zipora akishika skrubu zisipotee, na mikono yake ilikumbuka. Akang'oa feni na chuma chake chenye mapezi. Akaikwanyua prosesa ya zamani, akaiweka kando kwa heshima, juu ya kitambaa. Akaishusha ile mpya mahali pake, ikaingia bila kelele.

Kisha akakifungua kifuko cha pesti, na pesti ilikuwa imekauka kama ugali wa juzi.

Alikikamua. Alikichoma kwa sindano. Alikiloweka katika maji ya moto, akakiombea. Hakikutoa hata tone. Kesho yake ilikuwa Jumapili, Shinyanga ilikuwa mbali, na ng'ambo ya barabara alimsikia Athanas akipiga mluzi kwa furaha ya mtu ambaye pesti yake ni laini. Zipora aliketi, akalitazama kabati la sahani, na akasikia kitu kama baridi.

Hapo ndipo ukoo wake ulipomjia kichwani. Kwao, tangu kale, kitu kikikauka hupakwa samli, na kikipiga kelele hupakwa samli. Kisigino kilichopasuka, samli. Ekseli ya mkokoteni inayolia, samli. Utosi wa mtoto, ngozi ya ngoma, mkanda wa babu: samli. Zipora akajiuliza pesti kazi yake ni nini, akajijibu kwamba ni kujaza nafasi kati ya chuma na chuma, joto lipite. Na akakumbuka kwamba maishani mwake hajawahi kuona nafasi ambayo samli imeshindwa kuijaza. Juu ya rafu kulikuwa na kopo kutoka kwa kaka yake, samli ya njano yenye chembechembe, harufu yake ikitangulia kifuniko. Akachota kwa ncha ya kijiko. Akapaka. Akakandamiza feni juu yake, akakaza skrubu, na kwa busara ya jemedari akaamua kwamba mashine hiyo haitasimama wima tena, bali itapigana imelala, samli isije ikamwagika.

Aliiwasha. Ikawaka mapema kuliko alivyowahi kuiona. Hakuna shujaa aliyelala vizuri usiku wa kuamkia vita kama yeye.

Jumapili ikafika, na jua lake. Kutoka ng'ambo ya barabara ukatokea msafara: mbele Sostenes akisukuma toroli, juu ya toroli mashine ya Athanas imefunikwa kitenge kipya cha mkewe Mariana, na nyuma Athanas mwenyewe, akitembea kwa hatua za mtu anayesindikiza sanduku la posa. Mbuzi wakapisha.

"Mwadila, mayu," akasalimu Sostenes mlangoni, Kisukuma chake kikiwa kizito kuliko mzigo.

"Mwadila. Karibuni vitani. Vueni viatu."

Mashine ya Zipora iliwekwa mezani chini ya dirisha, imelala ubavu. Ya Athanas iliwekwa upande wa mlango, imesimama. Katikati wakajaa wanakwaya, sauti ya kwanza hadi besi, wengi wakisimama upande wa mlango, maana mtu mwenye makochi hakosi marafiki. Waya mmoja wa umeme ulizilisha mashine zote mbili kutoka tundu moja la ukutani, na hiyo ilikuwa haki pekee isiyobishaniwa siku ile.

Dorah akasimama katikati. "La kwanza ni kuwaka. Vidole tayari." Akapiga kofi.

Zikanguruma. Skrini zikawa nyeusi, zikawa buluu, zikafikiri. Ile ya mlangoni yenye viini viwili ikachomoka kama dume aliyefunguliwa zizini, na picha ya familia ya Athanas, wote wamevaa miwani ya jua, ikajitokeza ikiwa imekamilika, wakati ya Zipora ingali inazungusha kiduara chake. Kelele zikapanda. Sostenes akaimba shangwe ya Pasaka, ijapokuwa haikuwa Pasaka.

"Mmeona!" akanguruma Athanas. "Duara limetema dhahabu! Shemeji, naweza kuanza kuzibeba nyimbo?"

Zipora aligeuza uso. Alitazama kabati, akaona safu ya sahani, na ile moja ya mbele iliyofifia maua kwa kuoshwa.

"Tulia," akasema Dorah. "Hiyo ilikuwa salamu. Ngoma haishindwi kwa kusalimia. La pili ndiyo kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa wimbo wa shukrani ya mavuno, ambao sauti zake zote zilirekodiwa mbalimbali, zikanakiliwa kwenye mashine zote mbili, na sasa zilitakiwa kuunganishwa, kupambwa kwa picha za kwaya, na kutoka zikiwa video moja ya kwenda kwenye simu. Zamani kazi hiyo ilichukua muda wa mtu kwenda na kurudi msibani. Dorah akapiga kofi la pili, na katika kila skrini ukaanza kutambaa mstari wa kijani.

Kwanza ya Athanas ilitangulia, kwa madaha. Kisha uzito ukafika, sauti ya pili ikapanda juu ya ya kwanza, besi ikaingia, picha zikajipanga, na viini viwili vikaanza kuhema. Chini ya dirisha maksai wanne waliinamisha shingo. Hawakuongeza mwendo hata chembe, lakini pia hawakuupunguza, na mstari wa Zipora ukamkaribia mwenzake, ukawa sawa naye. Feni ya mashine ililia. Joto likapanda. Ndani kule, kati ya chuma na chuma, samli ya kaka yake ikayeyuka, ikatulia, ikaanza kufanya kile ambacho samli imefanya tangu mwanamke wa kwanza aliposukasuka maziwa.

Ikanukia.

Ilianza kama wazo tu. Kisha feni ikaibeba na kuitawanya sebuleni, harufu ya njano, nzito, yenye chumvi ya utotoni, harufu ya ugali wa mtama umetiwa shimo katikati na samli ikayeyukia humo. Na kumbukeni kwamba hawa walikuwa watu waliotoka misa ya pili, yenye mahubiri marefu, na hawajala.

Sostenes ndiye aliyeanza kuanguka. Akanusa, akageuza shingo, akasogea hatua moja kuelekea dirishani. "Kuna kitu jikoni," akamnong'oneza jirani yake. Jirani akasogea naye. Sauti ya tatu ikahama nusu nzima, macho yakiwa bado kwenye mistari ya kijani na pua zikiwa zimekwisha kujiamulia. Mariana, mke wa Athanas, alisema tu kwamba anataka kuona vizuri, akavuka. Hakuna aliyemwambia mwenzake jambo. Walikwenda kama ng'ombe wanavyokwenda bwawani, kila mmoja akidhani ni wazo lake.

Na mistari ikafika mwisho. Upi kwanza? Hapo ndipo Mhunze ilipogawanyika. Athanas aliapa kwa mizani yake ya dhahabu kwamba ni yake. Wanawake wa sauti ya kwanza waliapa kwa rozari kwamba ni ya Zipora. Mmoja akasema zimefika pamoja, akafokewa na pande zote mbili. Zipora peke yake hakubishana, kwa kuwa dakika ile ya mwisho alikuwa amefumba macho.

"Macho hayakukubaliana," akasema Dorah. Kisha akapaza sauti iliyozoea kuvuka soko zima: "Asisogee mtu! Kila mmoja asimame pale pale alipo!"

Wakaganda. Na walipojitazama, lo! Kwaya yote ilikuwa imesongamana chini ya dirisha, mabega kwa mabega, wengine wameegemea meza ya Zipora, Sostenes shingo yake ikiwa karibu kuingia ndani ya feni. Upande wa mlango, juu ya mkeka mpana, alisimama mtu mmoja mwenye shati lililonyoshwa.

"Mama Loveness," akasema Athanas, "hata wewe?"

"Nilitaka kuona vizuri," akasema Mariana.

Athanas hakuwa mjinga. Pua yake nayo ilikuwa inafanya kazi. Akanyoosha kidole. "Mwenyekiti! Hii ni dawa! Hii ndiyo ile dawa ya kuvuta watu uliyoikataza! Nataka mashine ifunguliwe mbele ya wote!"

Sebule ikawa kimya kama kanisa siku ya mchango. Zipora angeweza kukataa. Badala yake alizima mashine, akang'oa waya, akashika bisibisi ya Boaz, akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akainua feni. Samli iling'aa ndani pale, imekuwa maji, rangi ya asali.

"Pesti ilikauka kwenye basi," akasema. "Nilipaka kilichokuwapo. Sikujua itanukia. Kama ni kosa, nihukumuni, nyimbo nizibebe."

Dorah akasogea. Akainama. Akachovya ncha ya kidole, akalamba, akafumba macho kwa muda ambao haukuhitajika kisheria.

"Samli," akatamka. "Ya ng'ombe wa kienyeji. Imeungua kidogo. Mimi kwetu Wagalu dawa za ngoma nazijua: mizizi, unga, vitu vya kufukiwa. Samli si dawa. Samli ni kitoweo. Na mtu akimfuata mwenye kitoweo, amemfuata kwa akili zake timamu. Nyimbo zinabaki hapa. Jumapili zinabaki hapa."

Shangwe iliyopigwa iliwashtua mbuzi hadi ng'ambo ya barabara. Ilipotulia, Sostenes akauliza swali lililokuwa katika matumbo ya wote:

"Kwa hiyo jikoni hakuna kitu?"

Hakukuwa na kitu. Ushindi wote ule ulikuwa umesimama juu ya harufu tupu, na mashujaa wengi hapo ndipo wanapoangukia, kwamba wanashinda vita kisha hawana cha kulisha jeshi. Lakini Zipora alikuwa amekwisha kuingia jikoni, na nyuma yake Mariana, na nyuma ya Mariana sauti ya kwanza yote. Moto ukawashwa. Athanas alisimama peke yake dakika kadhaa na heshima yake. Kisha akaonekana akivuka barabara na toroli tupu, na akaonekana akirudi, na juu ya toroli kulikuwa na sufuria lake kubwa la sherehe, debe la unga wa mtama, na jogoo aliyekuwa hajui lolote.

Walikula sebuleni, ukumbini, mlangoni, hadi hatua za nje. Samli ya kopo ilikwisha yote. Athanas aliketi karibu na Zipora, akamega tonge, akalichovya, akasema kwa sauti ya chini ambayo watu wengi hawakujua kwamba anayo:

"Shemeji, kwani usingeniambia tu kwamba hutaki tuhame?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nyumba imenizidi ukubwa?"

Athanas alimsogezea paja la jogoo. "Kesho nitakuletea pesti," akasema. "Yangu ilibaki."

"Niletee. Ila na nyie muwe mnakuja hata Jumatano. Makochi yenu yapumzike."

"Tukija Jumatano utapika?"

"Mtakuja na sukari."

Na hivyo, enyi mliokaa na mliosimama, vikathibitishwa viini vinne juu ya viini viwili, katika mji wa Mhunze, mbele ya mashahidi walioshiba. Na wenye kuandika historia za ulimwengu wapunguze kidogo habari za wafalme, waache nafasi ya siku hii. Kwaya iliimba shukrani ya mavuno pale pale, mara hii bila mashine.

Walipokwisha kutawanyika wachache, na wengine wakiwa bado wanagombania nafasi ya kukaa ukumbini, jeshi lote la sahani za maua lilikuwa limelala katika beseni kubwa, moja juu ya nyingine, kila moja imepigana. Zipora alikuwa amezamisha mikono hadi viwikoni ndipo simu ilipoita mezani. Iliita, ikaita, ikakatika, ikaita tena, hadi Mariana akamshikia sikioni.

"Mama!" ilikuwa sauti ya Fredy, kutoka Geita. "Mbona hupokei? Nimeogopa. Na hizo kelele ni za nini?"

"Nitakupigia baadaye, mwanangu," akasema Zipora. "Nina watu."

Hayo ndiyo yaliyotokea Mhunze, na beseni ni shahidi.